Matron Aliyefundisha Wasichana Kukataa Chakula

Matron alitembea pekupeku. Viatu alikuwa navyo, jozi nyeusi ya ngozi aliyoipaka rangi kila Jumamosi, lakini akifika kwenye ngazi za bweni alivivua, akavishika mkono wa kushoto, akaingia bila sauti. Hivyo ndivyo alivyowakamata waliokula karanga kitandani na waliosukana nywele wakati wa kusoma. Siku moja alimkamata msichana aliyekuwa akimwigiza yeye mwenyewe mbele ya wenzake, mgongo umepinda, viatu mkononi. Matron alisimama nyuma yake hadi maigizo yakaisha.

"Iko muzuri," akasema. "Lakini mimi natangulizaga muguu wa kuume. Rudia."

Msichana akarudia, machozi yakimtiririka, na bweni zima likitazama sakafu ili lisicheke.

Nilimjua kwa miaka mingi na sijawahi kumwita kwa jina. Alikuwa Matron wa wasichana katika shule ya sekondari pale Bwera, magharibi mwa Uganda, na hilo lilitosha. Kiswahili chake alikipata kwa marehemu mumewe, aliyekuwa askari, akakiongezea kile cha soko la mpakani Mpondwe. Kwa hiyo alitoa amri kama mtu wa kambini, kwa maneno ya mtu wa Kongo. Wasichana walimwita Afande akiwa mbali. Alijua, na nadhani alipenda.

Maneno yake tuliyarudia hata tulipokuwa tumemkasirikia. Kwa aliyelia kwa kukumbuka nyumbani: "Machozi ni maji. Fulia nayo soksi." Kwa aliyeumwa na tumbo asubuhi ya mtihani wa hesabu: "Tumbo yako imesoma ratiba?" Kwa aliyefagia katikati ya chumba na kuacha pembe: "Uchafu haina likizo, inajificha tu." Hakuwahi kumwambia mtu pole. Nilifikiri neno hilo hakulijua, mpaka nikamsikia akimwambia mbuzi aliyekuwa amenaswa kwenye waya.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alikataza simu bwenini, na alizonyang'anya alizifungia kabatini kwake, lakini alizichaji zote moja baada ya nyingine, kwa kuwa hakutaka simu ya mtoto wa mtu ifie mikononi mwake. Alihubiri kwamba Mkristo haogopi kitu, na ngurumo zilipoteremka kutoka milimani alikaa chini ya meza ya kupigia pasi, akitoa amri kutoka huko. Kanisani alisinzia kabla ya somo la pili, kisha Jumatatu akatuuliza mahubiri yalihusu nini.

Mimi niliingia mikononi mwake kwa njia ya godoro. Baba yangu alitoka Kenya kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji upande wa Kasese, akamwoa mama, Mkonzo wa Nyakiyumbu. Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani kwetu. Baba alitangulia kufa, mama akamfuata nikiwa kidato cha pili. Nyuma yangu walikuwepo mdogo wangu Biira na wavulana wawili wadogo. Baada ya mazishi nilikwenda shuleni kuchukua godoro na sanduku langu. Matron alikuwa mlangoni.

"Godoro inaenda wapi?"

"Nyumbani, Matron. Nimeacha shule."

"Nani atapikia wale watoto?"

"Mimi."

"Watakula nini?"

Nikalipandisha godoro kichwani.

"Weka chini godoro," akasema. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi uko jikoni ya shule. Na Jumamosi unileteye hao watoto ninyoe. Mutoto wa kufiwa hatembei na nywele kama kichaka."

Aliwanyoa mwenyewe kwa mkasi wa kukatia vitambaa. Wadogo zangu walirudi na vichwa kama shamba la mahindi lililopitiwa na mbuzi. Lakini kazi niliipata, na nilipokuwa nikimenya muhogo wa siku ile ya kwanza nilijiwekea jambo moja: mimi nimetoka shuleni, Biira hatatoka. Sikumwambia mtu. Jambo ulilokwisha kuliamua halihitaji kutangazwa.

Shule yetu ilikuwa na mpango wa kubadilishana wanafunzi na shule moja ya Ujerumani. Mwaka mmoja wao walituletea msichana, mwaka uliofuata sisi tulipeleka wetu. Wa kwetu akimaliza mwaka mzima huko, wale wenzetu walimsomesha hadi mwisho wa kidato cha sita. Akirudi kabla, basi, alirudi kama alivyokwenda, na hapakuwa na mwingine wa kumsomesha. Kwa mtoto kama Biira, ambaye nyuma yake nilikuwepo mimi na sufuria za shule, huo ulikuwa mlango mmoja tu.

Msichana wa Kijerumani alikuja kwanza, akakaa nyumbani kwa Matron. Alikuwa mtoto mchangamfu, mrefu, mwenye kucheka na kila mtu. Siku ya tatu alirudi kutoka darasani, akaingia jikoni kwa Matron, akafunua sufuria, akaonja mchuzi kwa kijiko, akachukua ndizi mbili, akaenda zake kibarazani akiimba. Mimi nilikuwepo. Matron alibaki na mdomo wazi.

"Umeona?"

"Nimeona, Matron."

"Amefunua sufuria ya mutu."

Kwetu jambo hilo si dogo. Mtoto aliyelelewa hafunui sufuria ya nyumba asimozaliwa. Hata akiwa na njaa ya kuona nyota, akikaribishwa husema ameshiba. Mwenye nyumba naye anajua kwamba hajashiba, anamkaribisha tena, na tena, na mara ya tatu mgeni anasogea kana kwamba ameshindwa nguvu. Hivyo ndivyo mama alivyotufunza, na hivyo ndivyo Matron alivyowafunza wasichana wote waliopita kwake. Yule Mjerumani, kwa mwaka mzima, alijibu alichomaanisha tangu mara ya kwanza. Akisema ndiyo alikula. Akisema hapana, alikuwa ameshiba kweli, na Matron akaendelea kumbembeleza mpaka mtoto wa watu akachoka. Nyuma ya mgongo wake Matron alimwita mwizi mwenye tabasamu. Mbele yake alimshonea blauzi mbili.

Biira alipochaguliwa, Matron alimchukua nyumbani kwake wiki mbili nzima kumwandaa. Alimwogesha maji ya mto yaliyotoka mlimani, alfajiri, ili azoee baridi. "Teluji iko kwetu hapa juu," alisema akionyesha kilele cha Rwenzori, "ni vile tu hatujapandaga kuiamkia." Alimkalisha mezani akala bundu, ugali wetu wa muhogo, kwa kisu na uma. Bundu linavutika kama mpira. Uma wa Biira ulinasa, akavuta, tonge likarukia ukutani. Nikacheka. Matron hakucheka.

"Tena," akasema.

Na kila jioni alimrudishia lile somo kubwa.

"Wakisema karibu ule?"

"Nasema asante, nimeshiba."

"Mara ya pili?"

"Asante, niko sawa."

"Mara ya tatu?"

"Nakula kidogo."

"Na sufuria yao?"

"Siigusi."

"Muzuri. Wasiseme kwamba tumewaletea mwizi."

Watu wa mpango walipokuja kupitisha karatasi, mmoja wao, kijana mwenye miwani, alisumbuliwa na majina. Mlezi aliyetia sahihi ni Masika, yaani mimi, mwanafunzi ni Biira, na hakuna jina hata moja wanaloshirikiana. Akataka kujua tutathibitishaje kwamba ni ndugu. Msaidizi wake akashauri kwa sauti ya chini kwamba tuandike tu jina la baba kwa wote wawili, mambo yaishe. Matron akavua miwani yake.

"Kijana, kwenu ukiitwa jina ya baba, inasema umezaliwa wa ngapi?"

"Hapana, mama."

"Ya kwetu inasema. Masika ni musichana wa kwanza. Biira ni wa pili. Wa pili anatoka wapi kama wa kwanza hayuko? Andika vile iko."

Kijana akaandika vile ilivyo.

Biira akaenda. Nilimsindikiza hadi Kasese, akapanda basi na mwalimu wake, na sikulia mpaka basi lilipopita mzunguko. Kisha nikarudi Bwera kupika.

Simu ya kupangusa niliyokuwa nayo ilikuwa ya kushirikiana na mpishi mwenzangu. Bwera mtandao wa Kongo hukuvamia bila kukuuliza, kwa hiyo nilipiga nikiwa nimesimama kwenye kona ya bafu la wasichana, mahali pekee ambapo wa Uganda ulishika. Wiki za kwanza Biira alinieleza treni, baiskeli, mbwa anayelala ndani. Kisha maneno yakapungua. Halafu Jumapili moja akasema, "Dada, nataka kurudi."

"Kwa nini?"

"Baridi."

"Baridi ni nguo. Vaa mbili."

"Nimevaa tatu."

"Basi vaa nne. Biira, unajua mimi shule niliiachia wapi. Kaa hapo."

"Naam, dada."

Jumapili iliyofuata akasema tena, na mimi nikajibu vilevile, kwa ukali zaidi. Nilidhani kwamba nikilegea kidogo tu atapanda ndege. Nilimweleza Matron, naye akaniunga mkono: "Usifungue mulango hiyo. Mutoto akisikia mulango iko wazi, hata kama hana safari ataifanya." Tulikuwa watu wawili wagumu, tumejipanga upande mmoja wa simu, na upande wa pili yupo mtoto wa miaka kumi na saba.

Sijui kilichonifanya niulize. Pengine ni kazi yangu. Siku nzima nilikuwa nikiwapimia watu chakula. Jumapili ya tatu, kabla hajaanza habari za kurudi, nikamwuliza, "Leo umekula nini?"

Nikafikiri mtandao umeingia Kongo.

"Biira?"

"Tufaa."

"Na jana?"

"Mkate. Shuleni, rafiki alinipa."

"Nyumbani hawapiki?"

"Wanapika, dada. Wanapika sana. Mama mwenyeji ananikaribisha. Nasema asante, nimeshiba." Sauti ikaanza kukatika. "Basi anaondoa sahani. Hanikaribishi tena. Mara ya pili haiji, dada. Nimeingoja kila siku, haiji."

"Na jikoni?"

"Aliniambia siku ya kwanza nichukue chochote. Nikajua ananipima."

Nilitoka kwenye kona ile nikaenda moja kwa moja kwa Matron. Alikuwa nyuma ya nyumba akikung'uta mashuka. Nilimweleza nikiwa nimesimama, neno kwa neno. Alikunja shuka alilokuwa nalo, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akakaa juu ya jiwe la kufulia, kitu ambacho aliwakataza wasichana kila siku ya Mungu.

"Basi yule wa mwaka jana," akasema polepole, "hakuwa mwizi."

"Hapana, Matron."

"Alikuwa anatuonyesha vile wanakulaga. Mwaka muzima anatuonyesha, mbele ya macho yangu. Na mimi nikamchukua dada yako nikamufundisha kinyume."

Nilitaka kusema kwamba hata mama yetu alitufunza hivyo. Alininyamazisha kwa mkono.

"Simu iko wapi?"

Tulisimama wawili kwenye kona ya bafu. Msichana aliyekuwa akija na ndoo alituona, akageuka akakimbia. Nilipiga tena, nikaweka sauti ya nje.

"Biira!"

"Naam, Matron." Nilisikia kabisa kwamba amesimama wima.

"Nenda jikoni."

"Matron, wenye nyumba wapo."

"Nimeuliza kama wapo? Tembea."

Tukasikia mlango, kisha mwingine.

"Umefika? Fungua friji. Mbele yako iko nini?"

"Maziwa. Mayai. Jibini. Nyama ya kukatwa. Kuna wali kwenye bakuli."

"Chukua mayai tatu."

"Bila kuomba?"

"Mimi nimekuombea. Chukua."

"Matron, ulisema..."

"Najua nilisema!" Sauti yake ilijaa bafu zima. Kisha ikashuka mpaka nikainamisha kichwa ili nisikie. "Nilisema, mama. Nilikosea. Hiyo somo ni ya huku. Futa."

Hapo tukasikia sauti ya mwanamke huko, akiuliza kitu kwa lugha yao. Nilimjua Biira, alikuwa amesimama na mayai mkononi akingoja kuitwa mwizi.

"Ni mama wa nyumba?" Matron akauliza.

"Ndiyo."

"Muambie una njaa. Hiyo neno unalijua kwa lugha yao?"

"Nalijua."

"Basi sema. Mimi niko hapa."

Biira akasema maneno mawili matatu mafupi. Yule mama akauliza jambo, Biira akajibu, akauliza jingine, kwa haraka, sauti yake imebadilika. Tukasikia kiti kikiburutwa. Tukasikia mafuta kwenye kikaango. Hakuna aliyekumbuka simu, nasi hatukuikata. Tulisimama pale bafuni, mimi na Matron, tukisikiliza mayai yakikaangwa Ujerumani, mpaka salio likaisha.

"Atakaa," Matron akasema, akavaa viatu vyake, akaondoka.

Alikaa. Siku za mateso hazikwisha zote kwa mayai. Kulikuwa na lugha, kulikuwa na wale wa darasani waliomwuliza kama kwetu tunaishi na simba. Lakini mtu aliyeshiba hupigana vita vyake mwenyewe, na habari za kurudi sikuzisikia tena. Mimi nilimwomba msamaha Jumapili iliyofuata. Akasema, "Dada, wewe uliniuliza nimekula nini. Wengine wote waliniuliza kama nimefurahi."

Matron hakuzungumza habari hiyo na mtu. Ila aliniita nimwandikie barua kwa yule msichana wa Kijerumani, kwa kuwa mwandiko wake wa Kiingereza aliuonea haya. Alitaka aandikiwe kwamba aliwahi kumwita mwizi, na kwamba haikuwa kweli. Nikamwambia, "Matron, yeye hakujua kwamba ulimwita hivyo. Tukimwandikia ndipo atajua."

"Andika."

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, pamoja na pakiti ya biskuti. Msichana alisema hakujua, kwamba amecheka sana, na kwamba zile ndizi zilikuwa tamu. Matron aliisoma barua akiwa amesimama, akaiweka ndani ya Biblia, akagawa biskuti kwa bweni zima, nusu kwa kila mtu.

Biira alirudi mwaka ulipokwisha, mrefu kuliko mimi. Aliingia ndani kwangu, akaweka begi chini, akaenda moja kwa moja jikoni akafunua sufuria. Nikampiga kofi mkononi. Tukacheka mpaka majirani wakaja. Alisoma hadi kidato cha sita, akaenda chuo cha ualimu. Mimi bado niko jikoni mwa shule, ila sasa ndimi ninayelisimamia, na wadogo zetu wawili wamesoma shule hiyo hiyo.

Mara ya mwisho kukaa na Matron ilikuwa Kasese, upande wa Nyamwamba, kwa binti yake. Alikuwa amestaafu, miguu imevimba, viatu hakuna tena, ni kandambili pana. Alikuwa ametuma ujumbe kwa dereva wa teksi kwamba nije Alhamisi, bila kusema kwa nini. Nilidhani anaumwa. Nilimkuta ameketi wima kwenye kiti cha plastiki, na mbele yake msichana wa shule yetu, sare imepigwa pasi, daftari magotini.

"Huyu ndiye wa mwaka huu," Matron akasema bila salamu. "Anaondoka Jumapili. Wamemuleta kwangu nimufundishe, nimemufundisha yote. Kukunja shuka, kuamka, kutunza pasipoti. Sasa wewe mufundishe ile niliyofundisha vibaya."

Nilimtazama. Hakutazama kando.

Basi nikaanza. Nilimweleza yule msichana juu ya mdogo wangu, juu ya karibu ya mara moja, juu ya friji. Nilimtajia maneno makali niliyomwambia Biira kwenye simu. Msichana alikuwa anaandika, na kila nilipotaja kosa aliinua macho kumtazama Matron, kisha akayashusha haraka. Nikaona haya kwa ajili ya Matron. Amezeeka, nikajiwazia, kuna haja gani ya kumvua nguo mbele ya mtoto? Kwa hiyo nilipofika kwenye njaa yenyewe nikailegeza kidogo. Nikasema kwamba mdogo wangu alikaa hivyo siku chache, kama wiki moja, labda mbili.

"Tano," Matron akasema.

Nikageuka.

"Wiki tano. Aliniambia mwenyewe aliporudi, nilimuuliza." Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya magoti. "Usimupunguzie huyu. Akienda na wiki moja atasema ataweza kuvumilia. Anza tena, na useme tano."

Msichana akafungua ukurasa mpya. Nikaanza tena.